Nani Mlango Wako?

Mama husema nilipolia mara ya kwanza mkunga aliangusha mkasi. Mama ni fundi cherehani, na mafundi cherehani huongeza pindo hata kwenye hadithi, lakini hii naiamini. Sikujaliwa kipaji cha kunong'ona. Chuoni waliniita Cheche, kwanza kwa sababu nilikuwa nasomea uchomeleaji wa vyuma, pili kwa sababu ya mdomo. Wanawake wa bweni waliponichagua kuwa katibu wao, sidhani kama walikuwa wanatafuta hekima. Walitaka mtu wa kupiga kelele, wakanipata.

Kelele yenyewe ilihusu milango ya bafu.

Bweni letu lilikuwa nyuma ya karakana. Mabafu yalikuwa mwisho wa korido, yamepangana, kila moja na mlango wa bati zito kwenye fremu ya chuma, unaofungukia nje, na hakuna hata mmoja uliokuwa na komeo. Mtu yeyote mwenye kidole aliweza kuuvuta. Na kwa kuwa bomba la bweni la wanaume lilikauka kila lilipojisikia, korido yetu ilikuwa barabara kuu ya wenye ndoo.

Kwa hiyo bweni lile lilikuwa na desturi yake, ya tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Huogi peke yako. Unakuwa na mwenzako anayesimama nje, mgongo wake kwenye mlango, naye anaitwa mlango wako. Ukiwa ndani na sabuni machoni unaita, "Upo?" Naye anajibu, "Nipo." Mgeni akifika, kabla hajaulizwa anasomea nini, anaulizwa kama ameshapata mlango. Nimeona wasichana waliogombania mwanaume mmoja wakanuniana mwezi mzima, na bado kila jioni mmoja anamshikia mwenzake, akijibu "Nipo" kwa uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Sheria ilikuwa moja tu: aliyeshika mlango haondoki. Kengele ya chakula ilie, mvua inyeshe, mpenzi apige simu, haondoki. Ukimwita anakujibu, "Aliye ndani hajatoka," na hapo mjadala umekwisha.

Mlango wangu alikuwa Twiga. Alikuwa anasomea ufundi bomba, na alikuwa mrefu kiasi kwamba akiegemea bafu kichwa chake kilipita fremu. Tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho hakuna mtu aliyewahi kuuvuta mlango wangu. Nani angeanza kumhamisha Twiga?

Halafu akaja msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, wa idara ya umeme. Alifika mchana, wengi wetu tukiwa madarasani, akatandika godoro lake, akaona vumbi la safari limemjaa, akaenda kuoga. Hakuwa amepata mlango bado. Hakuna aliyemwambia kama mlango hutafutwa. Mtu akaja akauvuta, simu mkononi, akacheka, akaenda zake. Mpaka tunatoka madarasani, picha ilikuwa imeshazunguka chuo kizima.

Siku ya pili baba yake alikuja kuchukua godoro. Alilikunja mwenyewe, akalifunga kamba, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye kiongozi: "Mwanangu alifanya kosa gani?" Aliuliza kwa upole kabisa. Laiti angenitukana. Nilimsindikiza hadi getini nikiwa nimebeba ndoo mpya ya binti yake, na nikitembea nilijiapiza kwamba mimi chuo hiki siondoki kabla milango hii haijafungwa.

Tulikwenda kwa Mlezi wa wanafunzi. Huyu alikuwa mwalimu aliyepewa kazi ya kuangalia ustawi wetu, mtu wa mashati yaliyonyooka na sauti ya redio. Alitusikiliza huku akipanga kalamu zake mezani, kisha akasema wasichana wajifunze kuoga kwa ratiba. Tukaenda kwa rais wa serikali ya wanafunzi, ambaye tulimwita Mheshimiwa kwa sababu mwenyewe alipenda. Alisema mchakato unaendelea. Mheshimiwa hata ukimwambia shati lako limechanika kwapani angekujibu kwamba mchakato unaendelea.

Basi asubuhi moja wanawake wote wa bweni tulikwenda kupanga foleni mbele ya ofisi ya utawala. Kila mtu ndoo yake, taulo begani, sabuni mkononi. Mlezi alipotoka kuuliza kuna nini, nilimwambia kwa heshima zote:

"Mwalimu, milango imetuishia. Tumekuja kuomba ofisi itusaidie watu wa kutushikia."

Makarani walicheka kwenye madirisha. Yeye hakucheka. Lakini haukupita muda mrefu tukasikia makomeo yameagizwa, na mgeni rasmi kutoka wizarani atakuja kuyazindua. Tulicheza kwenye korido usiku ule mpaka Matroni akatoka na funguo zake kututawanya.

Matroni wetu alikuwa mwanamke wa kufuli. Alifunga stoo, alifunga chumba chake hata akienda kuanika nguo hatua chache, alifunga hadi kabati la sukari. Aliwahi kusoma chuo hicho hicho, ushonaji, zamani sana, na akaajiriwa hapo hapo. Sisi tulimhesabu kuwa jicho la ofisi. Ukimpita unateremsha sauti, hata mimi.

Fundi aliyepewa kazi alikuja siku mbili kabla ya uzinduzi. Nilirudi kutoka karakana nikakuta amemaliza, anakusanya nyaya zake. Makomeo yalikuwa mazuri kweli, manene, yanang'aa. Yote yalikuwa yamechomelewa upande wa nje.

Nilifikiri macho yananidanganya. Nikaufungua mlango, nikaangalia ndani. Hakuna kitu.

"Fundi," nikamwambia, "mtu anaogea ndani."

"Dada yangu, najua," akasema, na alikuwa na aibu ya kweli. "Mimi nimeambiwa yawekwe upande unaoonekana. Mgeni rasmi hawezi kuingia kwenye bafu la wanawake kukagua. Sasa asipoyaona atazindua nini?"

Nilikimbia ofisini. Mlezi aliniambia hayo ni mambo madogo ya kiufundi, yatarekebishwa baada ya sherehe. Nikamuuliza lini. Akasema baada ya sherehe. Nikamwambia komeo la nje ni la jela, si la bafu. Akaniambia nichunge ulimi, maana mimi niko mwaka wa mwisho, nimebakiza mtihani wa vitendo tu, na kiongozi mwenye busara hujua wakati wa kunyamaza. Nilipotoka, Matroni alikuwa amesimama kwenye mabafu peke yake, analitelezesha komeo moja huku na huku. Aliponiona akaliacha, akaenda zake.

Siku ya uzinduzi korido ilipigwa deki mpaka ikateleza. Utepe ulifungwa toka bafu la kwanza hadi la mwisho. Mgeni rasmi alikuwa baba mmoja mnene, mwenye kicheko cha karibu, anayemsalimia kila mtu kama shemeji yake. Mlezi alitoa hotuba kuhusu heshima ya mtoto wa kike. Mheshimiwa alitoa hotuba kuhusu mchakato. Kisha nikaitwa kutoa neno la shukrani, na nikapewa karatasi waliyoniandikia wao.

Nilisoma mstari wa kwanza. Ulikuwa unawashukuru viongozi kwa kutuona. Nikaikunja karatasi.

"Mgeni wetu," nikasema, "shukrani bila kujaribu kitu ni unafiki. Tungeomba mtu mmoja aingie atuoneshe komeo linavyofanya kazi. Kwa kuwa ni bafu la wanawake, wewe tunakuhurumia. Lakini Mlezi ni mzazi wetu. Yeye aingie."

Mgeni akapiga makofi, akasema wazo zuri. Wapiga picha wakasogea. Mlezi hakuwa na pa kukimbilia. Akatabasamu, akaingia, akauvuta mlango ukajifunga. Tukasubiri. Tukamsikia anapapasa bati.

"Liko wapi?" sauti ya redio ikauliza kutoka ndani.

"Liko huku, mwalimu," nikasema, na nikalisukuma komeo. Lilifunga kwa sauti tamu ya chuma kizuri. "Sasa uko salama kabisa."

Wanawake walipiga vigelegele. Mgeni rasmi aliangua kicheko mpaka akashika ukuta, halafu nikaona kicheko kinamwisha usoni, kidogo kidogo, anavyoyaangalia makomeo mengine yaliyojipanga.

"Fungua mlango!" Mlezi akapiga bati.

"Mwalimu," nikamuuliza, "nani mlango wako?"

Hakujua maana yake. Angejua wapi? Lakini korido nzima ilijua. Nikamfungulia. Alitoka na shati limelowa mgongoni kwa maji ya bafu, na hakuniangalia. Mgeni rasmi hakukata utepe. Alimuuliza Mkuu wa chuo, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kama hapa kuna mtu anayetumia kichwa, kisha akaondoka bila kunywa soda yake.

Baada ya hapo mngetarajia makomeo yageuzwe. Hayakugeuzwa. Ofisi ilinuna. Siku zikapita, makomeo yako nje yanang'aa, na sasa watukutu wa bweni la wanaume wakapata mchezo mpya: wakikuta mtu anaoga na mlango wake ameinama kuokota sabuni, wanamsukuma pembeni na kumkomea aliye ndani. Ofisi ilitudai utulivu, lakini komeo la jela haikuligusa.

"Sisi ni mafundi au si mafundi?" Twiga akaniuliza.

Jumapili, mchana kweupe, watu wengi wakiwa ibadani, tulitoa mashine ya kuchomelea kutoka karakana, ambayo sisi wa mwaka wa mwisho tuliruhusiwa kuitumia kwa mazoezi. Shida ilikuwa umeme. Mashine ile hula umeme kama ng'ombe anavyokula majani, na soketi pekee ya bweni iliyoweza kuibeba ilikuwa chumbani kwa Matroni. Nilikwenda kupima bahati tu. Nikakuta chumba kiko wazi. Mwenyewe kaenda ibadani na mlango kauegesha, yeye anayefunga kabati la sukari! Nilijiambia uzee nao una huruma zake, nikavuta waya.

Tulikata makomeo yote, tukasaga makovu, tukayachomelea ndani. Nilianza mwenyewe, lakini mabafu yalikuwa mengi na muda mfupi, kwa hiyo niliwaelekeza na wengine: wa umeme, wa useremala, na Twiga, ambaye alikuwa hajawahi kushika mashine ile maishani. Nilimvalisha kinyago, nikamwonyesha namna ya kuivuta taratibu. Alichomelea kama mtu anayemwaga uji gizani. Lakini lilishika. Tulipomaliza, kila mmoja aliingia, akafunga kwa ndani, akakaa humo kidogo bila kuoga, bila kufanya lolote. Kuna aliyelia. Mimi niliimba.

Jumatatu nikaletewa wito wa kamati ya nidhamu: kumdhalilisha mtumishi, kuharibu mali ya chuo. Mlezi alinieleza mwenyewe, kwa upole wa paka, kwamba nina njia mbili. Nisome radhi mbele ya wanafunzi wote na nitaje wenzangu walionisaidia, au nisahau mtihani na nifungashe virago.

Nilimpigia mama. Mama alikuwa ameshasafisha kona ya kibanda chake, upande wa pili wa cherehani, aweke mashine yangu nikimaliza, ingawa nilimwambia mara ngapi kwamba cheche na vitambaa havikai nyumba moja. Nilisikia cherehani inasimama.

"Mwanangu," akasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Omba radhi, umalize, uje."

"Mama, sina kosa."

"Nani kauliza kosa? Mimi ninavyowashonea watu, siku ngapi nimeomba radhi kwa kosa la tumbo la mteja?"

"Na wanataka niwataje wenzangu."

Nikasikia anavuta pumzi kwa pua, kama anavyofanya kabla ya kukata kitambaa cha gharama.

"Hapo hapana," akasema. "Kumtaja mtu hapana. Basi vaa ile blauzi ya bluu niliyokushonea. Usiende kufukuzwa umevaa fulana, ukaniaibisha."

Nilivaa blauzi ya bluu. Twiga na wengine walinisindikiza na ndoo zao hadi jengo la utawala, ghorofani, mpaka kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Twiga alisimama pale, akageuka, akaweka mgongo. Nikaingia. Sikuwa na woga mwingi, maana nilijua nani yuko nje.

Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na feni inayolalamika. Katikati alikaa Mkuu wa chuo, mzee aliyekaribia kustaafu na aliyetaka kustaafu bila makelele. Kulia kwake Mlezi. Kushoto mwalimu wangu wa karakana, na Mheshimiwa akiwakilisha wanafunzi. Mwisho wa meza alikaa Matroni, funguo mapajani, macho chini. Na ukutani, Mungu nisamehe, waliegemeza mlango wa bafu. Waliung'oa kwenye bawaba zake ili uwe kielelezo. Yaani walinishtaki kwa kufunga bafu, na ili wapate ushahidi wakaliacha moja wazi kabisa.

Mlezi alisoma mashtaka. Akasema Mheshimiwa aseme neno. Mheshimiwa akasema serikali ya wanafunzi inaamini katika mchakato. Kisha mwalimu wa karakana akaombwa akague kielelezo. Aliinuka, akapitisha kidole kwenye mshono uliolishika komeo, akarudia tena, uso wake ukawa wa mtu aliyekuta nywele kwenye chakula.

"Nimemfundisha huyu binti miaka yote," akasema. "Mishono ya mabafu mengine nimeiona, baadhi ni yake, na ni kazi safi. Huu si wake. Hata akiwa usingizini hawezi kuchomelea hivi."

"Kwa hiyo walikuwepo wengine," Mlezi akasema, akifurahi.

"Ni wangu," nikasema. "Mkono ulichoka."

"Cheche," mwalimu akaniambia kwa huzuni kabisa, "usijitukane."

"Mwalimu, mishono yote ni yangu. Mizuri yangu, mibaya yangu. Na radhi siombi. Aliyevuta mlango wa mtoto wa watu na kumpiga picha hajaitwa kwenye meza hii. Aliyeagiza komeo liwekwe nje amekaa hapo anakunywa maji. Mimi niliyeligeuza ndiye mwenye kesi. Kama hiyo ndiyo nidhamu, andikeni kwamba sina."

Mlezi alinyanyuka nusu, akaketi. Mkuu wa chuo akavua miwani akaisugua.

"Binti," akasema, na hakuwa mkali, "hasira yako naielewa. Lakini tazama. Mtihani ni wiki ijayo. Mama yako anakusubiri. Hao unaowaficha watamaliza, watapata kazi, watakusahau. Hapa umekaa peke yako. Nani atasimama na wewe?"

Sikupanga kufanya nilichofanya. Ni mazoea tu, kama mtu anayejikwaa na kumwita mama. Niligeuza uso kuelekea mlangoni nikaita kwa sauti yangu yote:

"Upo?"

Hakuna aliyejibu.

Niliita tena. Feni ikazunguka. Mlezi akatabasamu, akasema kwamba wenzangu wameshateremshwa chini na askari wa geti muda mrefu, kikao hiki ni cha faragha. Hapo, nakiri, kitu kilinikatika. Tangu mwaka wa kwanza sikuwahi kuita nikakosa jibu. Nilijiona nimesimama mbele ya watu wale na sabuni machoni, mlango wazi, na machozi yakaanza kunijia, na nilikasirika sana kwamba yanakuja mbele ya huyu mtu.

"Nipo."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, imetoka mwisho wa meza. Wote tuligeuka. Matroni alikuwa ameinuka, na funguo zake zilikuwa zimeanguka sakafuni, naye hakuziokota. Nadhani alishtuka kama sisi. Ile sauti ilikuwa imemtoka kabla hajaamua. Kisha nikamwona anaamua. Alitembea kupita nyuma ya viti vya wakubwa wake, akafika mlangoni, akageuka, akaweka mgongo wake pale, visigino pamoja, mabega nyuma, kama tunavyofundishana siku ya kwanza.

"Matroni," Mkuu akasema, "kuna nini?"

"Mabafu yale nimeoga mimi, mzee," akasema. "Hayakuwa na komeo. Mlango wangu alikuwa msichana wa upishi, sasa hivi ana wajukuu. Nimekuja kuajiriwa hapa, nimeomba makomeo kwa wakuu waliokutangulia mpaka nikachoka, nikanyamaza. Nimefunga kila kitu kinachofungika kwenye lile bweni, mpaka sukari. Watoto ndio nilishindwa kuwafunga. Mnataka jina la mtu mwingine. Liandikeni langu. Ile mashine haiendi kwa umeme wa soketi nyingine yoyote. Umeme ulitoka chumbani kwangu, na mlango niliuacha wazi kwa makusudi."

Mheshimiwa alikuwa amefungua mdomo. Hata mchakato ulimkimbia.

"Rudi kwenye kiti chako," Mlezi akasema. "Wewe ni mjumbe wa kamati. Rudi ukae!"

Matroni alimtazama, na mimi niliyekuwa namteremshia sauti miaka yote ile nikaona alikuwa na uso wa msichana.

"Siwezi, mwalimu," akasema. "Aliye ndani hajatoka."

Mkuu wa chuo alivaa miwani. Aliutazama mlango wa bati ukutani, akamtazama Matroni aliyekuwepo chuoni kabla yake, akanitazama mimi. Nadhani aliyapima makelele ya kutufukuza sisi wote na makelele ya kutuacha. Kisha akamgeukia Mlezi.

"Nijibu jambo moja. Hiyo milango, sasa inafungwa kwa ndani?"

"Mzee, suala hapa ni utaratibu..."

"Inafungwa au haifungwi?"

"Inafungwa," mwalimu wa karakana akajibu kwa niaba yake. "Hata huu mbaya."

"Basi atoke," Mkuu akasema, akafunga jalada. "Aende akajiandae na mtihani. Na mimi nataka kujua nani alipiga ile picha. Mlezi, utabaki."

Hapo ndipo Matroni alipoutoa mgongo wake mlangoni. Aliufungua, akasimama pembeni kunipisha. Nilipomfikia hata shukrani sikuipata, mimi mwenye mdomo. Aliniangalia kutoka blauzi hadi viatu.

"Usitoke mikono mitupu," akasema. "Beba mlango wetu. Watu wanasubiri kuoga."

Ulikuwa mzito kweli. Niliuinua upande mmoja, na hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyethubutu kusema ni kielelezo. Twiga alipouona unachomoza juu ya ngazi alimpita askari kama hakumwona, akapanda, akashika upande wa pili. Tuliuteremsha katikati ya wanawake na ndoo zao, wakitupisha na kuupigapiga bati kwa viganja. Matroni alitufuata nyuma, funguo zikilia.

"Hilo komeo linakwama kidogo," akasema. "Jana nililijaribu."

Twiga akasimama, akauinamisha mlango autazame mshono wake mwenyewe, akatikisa kichwa mbele ya watu wote.

"Jamani," akasema, "nani kachomelea vibaya hivi?"